Karatasi za skuli za watoto: sanduku la bati, kontena, kasha au simu?

Aprili mwaka juzi nilivuta mkoba kutoka uvunguni mwa kitanda nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu wa pili. Mkoba ulikuja mwepesi kuliko nilivyouacha. Chini yake palikuwa na kijia chembamba cha udongo kilichotokea kwenye ufa wa sakafu, na ndani mchwa walikuwa wameshamaliza madaftari manne, ripoti za miaka miwili na nusu ya picha ya darasa. Cheti kilisalimika kwa kuwa kilikuwa juu kabisa, ndani ya kifuko cha plastiki. Pembe moja ililiwa, upande usio na maandishi. Nilikaa sakafuni nikacheka, maana kulia kungewaamsha watoto.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila chombo kinachouzwa kwenye masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Bahati nzuri familia yetu ina nyumba tatu, kila moja na tabia yake. Mimi nakaa Fuoni, nyumba ya chini iliyoezekwa bati. Dada yangu yuko Michenzani, ghorofa ya nne. Mama yuko Wete, kisiwani Pemba, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na udongo ambayo hakuna mtoto wake aliyethubutu kumwambia ahame. Kilichomfaa dada kimeniharibia mimi, na cha mama hakuna anayekiweza ila mama. Kwa hiyo ukinambia unataka chombo cha kuwekea karatasi za watoto, swali langu la kwanza litakuwa unakaa wapi.

Nyumba yako inashambuliwa na nini?

Hewa yetu ya visiwani hubeba unyevu wa karibu asilimia 80 ukichukua wastani wa mwaka, na karatasi ikikaa siku nyingi kwenye unyevu unaozidi asilimia 65 au 70 huanza kupiga kawa, yaani kuota kuvu. Kwa hesabu hiyo karatasi ya Unguja au Pemba haisubiri paa livuje. Inakunywa maji hewani taratibu, na inakunywa zaidi kuanzia Machi hadi Mei, masika yakishakaa. Ishike asubuhi moja ya Aprili: laini kama kitambaa, ukiikunja haitoi sauti. Karatasi ya namna hiyo ukiifungia ndani ya chombo, hata kiwe cha bei gani, umefungia maji.

Kisha wanakuja walaji. Mchwa wa ardhini hupanda kutoka kwenye udongo kwa vijia vyake, kwa hiyo nyumba ya chini kama yangu iko mashakani kila siku, ilhali ghorofa ya nne ya dada karibu haimjui. Yeye ana mende, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hivyo hupenda gundi na wanga, ndiyo maana daftari huliwa mgongoni kwanza. Mama ana panya. Panya karatasi haila hasa, anaikata vipande kuwatandikia wanawe, lakini ukiikuta asubuhi hutaona tofauti.

Punguza kabla ya kununua

Mtoto mmoja wa skuli ya msingi humaliza mwaka na madaftari manane mpaka kumi, hujahesabu ya chuoni, yaani ya kusomea Kurani. Mimi nina watatu: mkubwa yuko kidato cha tatu, wa pili darasa la tano, mdogo yuko maandalizi na huyu ndiye anayeleta karatasi nyingi kuliko wote, kila siku mchoro. Nachambua mwisho wa mwaka wa masomo, Disemba ikiishia. Vuli imekwisha, kaskazi imeanza kukausha, na wenyewe wako nyumbani waseme wanachokitaka.

Yanatoka mafungu matatu. La kwanza ni vinavyoombwa: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kiliniki, matokeo ya darasa la nne na kidato cha pili kutoka Baraza la Mitihani la Zanzibar, cheti cha kidato cha nne cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa waliofika huko, barua za uhamisho. Utavipeleka dirishani mara nyingi usivyotarajia. Mtoto anaandikishwa skuli, cheti cha kuzaliwa. Anaomba mkopo wa chuo kikuu, cheti hicho hicho, tena kikiwa kimeshahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Cheti cha NECTA kikipotea, safari huanzia kituo cha polisi kuchukua taarifa ya upotevu, na hapo ndiyo kwanza umeanza.

Fungu la pili ni la moyo, na hapa ndipo tunapojidanganya. Zamani nilikuwa naweka kila kitu, mpaka nikaona nimeweka mzigo ambao hakuna mtu atakayeufungua. Sasa ni daftari moja kwa mwaka kwa kila mtoto, na lisiwe la hesabu. Madaftari ya hesabu ya watoto wote ni mamoja ila makosa. La insha ndilo lenye mtoto ndani. Mkubwa wangu alipokuwa darasa la tatu aliandika, "Baba yangu ni mrefu na anapenda kulala," na mwalimu akaweka tiki nyekundu bila kuongeza neno. Hilo siliuzi. Pamoja na daftari, naweka michoro mitano, picha ya darasa ikiwepo, na ripoti ya muhula wa mwisho kwa sababu ya yale maneno ya mwalimu chini kabisa, ambayo mara nyingi yanamjua mtoto kuliko alama zilizo juu yake.

La tatu linaondoka. Muuza njugu wa mtaani kwetu hulipokea kwa furaha, ni karatasi za kufungia za mwezi mzima. Ukimpa, chana kwanza jalada lenye jina la mtoto na skuli yake, na nambari ya simu ya mzazi ikiwa iliandikwa. Sioni raha jina la mwanangu lizunguke mji na njugu za watu.

Karatasi za chuoni zisikaribie fungu hilo kabisa. Daftari lenye aya, hata ikiwa ni mstari mmoja wa Qul huwallahu alioandika mtoto kwa mkono unaotetemeka, halifungiwi njugu wala bajia na haliendi jaani. Kwetu huchomwa mahali safi, majivu yakazikwa au yakamwagwa baharini. Wengine huzika karatasi zenyewe pahala pasipokanyagwa. Juzuu zilizochanika nazo ni vivyo hivyo. Tenga mfuko wake tangu Januari, utundike peke yake, maana kuchambua aya moja moja Disemba katikati ya rundo la Sayansi na Jiografia ni kazi ya kumkosesha mtu subira.

Na kabla hujaweka chochote, ng'oa pini. Pini ya karatasi ikipata unyevu wetu huota kutu ndani ya mwaka, na kutu inatoboa. Mpira wa kufungia noti usiutumie: joto huuyeyusha ukagandana na karatasi ya juu. Selotepu hugeuka njano, ikaachia, ikabaki na alama. Ukitaka kufunga, chukua uzi wa pamba au utepe uliochanwa kwenye khanga kuukuu.

Sanduku la bati na kontena la plastiki

Huu ndio mchuano wenyewe, kwa sababu hivi viwili ndivyo wengi wetu tunavyovimudu.

Sanduku la bati tunalijua kwa wanafunzi wa dakhalia, wanaolala skuli, lile lenye tumbuu ya kufuli na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi nyeupe. Panya haliwezi, mchwa hana cha kutafuna, na mtoto mdogo hafungui. Ukilitunza atalikuta mjukuu. Nilipolinunua nilidhani nimemaliza.

Nilisahau jambo moja ambalo kila mpishi analijua. Bati hupoa haraka. Usiku wa kipupwe, Julai hivi, hewa yenye unyevu iliyomo ndani hugusa mfuniko uliopoa, maji yakajikusanya kwa ndani kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, kisha yakadondoka. Nilipofungua baada ya mwaka, ripoti ya juu ilikuwa na mstari wa kutu uliofuata mshono wa mfuniko, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Karatasi za chini zilikuwa salama. Aliye karibu na pwani atapata zaidi ya hapo, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari huanza kazi kwenye kila mkwaruzo wa rangi.

Dawa yake ipo. Paka ndani rangi ya mafuta, uliache wazi wiki mbili mpaka harufu iishe. Funika karatasi kwa khanga ya pamba iliyokunjwa mara nne, ndiyo itakayonywa matone. Usitumie gazeti: karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka njano yenyewe na kuiambukiza iliyo jirani, na wino wake unahama. Liweke juu ya matofali mawili, mbali na ukuta wa nje kwa shubiri moja, ili kijia cha mchwa kikianza ukione. Mimi nachungulia chini yake kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikiwa nafagia.

Kontena la plastiki lina sifa nyingine. Halioti kutu. Paa likivuja, maji yanateleza juu yake. Ukinunua la kuonyesha ndani, unajua la nani bila kufungua. Unayapandanisha matatu mahali palipokuwa panakaa sanduku moja, na kwa nyumba za ghorofa hilo pekee linatosha kumaliza mjadala. Dada yangu ana matatu juu ya kabati, moja kwa kila mtoto, na katika miaka minne hajapoteza hata kipande.

Kwangu la kwanza halikumaliza mwaka. Niliweka juu ya dari, chini ya bati la nyumba, ambako saa saba mchana huwezi kuweka mkono. Plastiki ikakauka, vishikio vya mfuniko vikakatika kimoja baada ya kingine, na panya wa jirani (sema nimsingizie jirani) akatafuna pembe usiku mmoja. Juu ya hayo nilikuwa nimezifunga karatasi mwezi wa Mei. Nilipofungua zilinuka kama kisima. Plastiki inayozuia maji yasiingie inazuia pia yasitoke, kwa hiyo kontena hufungwa kaskazi, au kipupwe siku ya jua kali lenye upepo, baada ya karatasi kukaa ndani ya chumba chenye hewa siku nzima. Juani moja kwa moja usizianike, zitapauka na kujikunja.

Ukienda dukani nenda na karatasi moja ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, na uipime chini ya kontena, si juu. Mengi ni mapana mdomoni na membamba kitakoni, na ukifika nyumbani unakuta kila ripoti inakunjwa pembe. Kisha kata ukanda mwembamba wa karatasi, uache nusu nje, funga mfuniko, uvute. Ukitoka bila kupingwa, mende naye ataingia bila kupingwa. Muuzaji mmoja aliniangalia nikifanya hivyo kwenye makontena matano, akaniuliza, "Bi mkubwa, unanunua au unafanya mtihani?" La tano nililinunua.

Kuna na ndoo ya rangi ya lita 20, ile inayobaki baada ya fundi kumaliza ukuta. Mfuniko wake hubana kuliko kontena lolote nililojaribu, na pengine utapewa bure. Lakini ni ya mviringo, karatasi ndani yake zinajikunja zikabaki hivyo. Iache kwa vitu visivyo karatasi.

Kati ya viwili hivi mimi niliishia kuvioanisha: kontena dogo ndani ya sanduku la bati. Matone ya mfuniko yanaishia kwenye plastiki, panya na mchwa wanaishia kwenye bati. Gharama ni mara mbili, ndiyo. Nyumba ya chini yenye mchwa sioni njia ya rahisi zaidi ya hiyo.

Ndani ya chombo watu hutia vitu vingi. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya vinanyonya unyevu kweli, ila kimoja hujaa siku chache tu ukikiacha hewani, na kontena kubwa linataka vingi. Mchele kwenye kitambaa unanyonya kidogo mno, kisha unaota wadudu wake wenyewe, nao hawakuwepo mwanzo. Karafuu ni habari nyingine. Mafuta yake yanawachukiza wadudu, na wazee walizitia kwenye makasha ya nguo kabla hayajaja hayo madawa meupe ya kabati. Zitie kwenye kifuko cha kitambaa ili mafuta yasiguse karatasi, na ziwe zimekauka mpaka zinavunjika ukizikunja. Lakini usitegemee zikaushe hewa. Mimi niliwahi kupewa pishi ya karafuu mbichi kidogo kutoka Pemba, nikazitia kwa mbwembwe, zikaota kuvu zenyewe.

Kasha la mama

Kila nikimsimulia mama mambo haya hunijibu, "Mwanangu, kasha lipo." Na kweli lipo, la mvule, lenye njumu za shaba zilizokuwa nyeusi kabla sijazaliwa, na visanduku vitatu vya chini. Ndani yake mna daftari lake la mwanzo. Yeye ni wa kundi la watoto walioingizwa skuli baada ya elimu bila malipo kutangazwa Septemba 23, 1964, na daftari hilo lina mwandiko wa kalamu ya kuchovya na doa la wino lenye umbo la samaki. Kingo zimegeuka rangi ya chai. Lakini linasomeka lote, baada ya nusu karne na ushei, Wete, kwenye nyumba ya udongo yenye panya.

Mbao nene hunywa unyevu na kuutoa taratibu, kwa hiyo hewa ya ndani ya kasha haipandi na kushuka ghafla kama ya bati. Kiini cha mvule mchwa hakipendi. Na shaba za kitako huliinua kutoka sakafuni. Ila nikikaa na mama nikitazama, naona kwamba nusu ya kazi ni yake mwenyewe: kila kaskazi analifungua siku mbili, anatoa kila kitu, anafuta, anafukiza udi, anabadilisha khanga ya kutandika, anarudisha. Hajawahi kuacha mwaka. Kasha hilo hilo ukinipa mimi, na haraka zangu, sijui kama doa la samaki lingefika mwaka wa tano.

Ukirithi kasha, litumie bila kusita. Tandika khanga kwanza ili karatasi isigusane na mbao, kwa sababu mbao nazo huigeuza karatasi njano. Kununua jipya kwa ajili ya karatasi za watoto sikushauri. Mengi yanayopangwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe yametengenezwa kwa macho ya mgeni: mbao laini, vanishi inayonuka miezi, shaba nyembamba zilizogongomelewa juu juu. Ni mazuri ukumbini. Na uzito wake, siku ya kuhama ndiyo utaujua.

Faili la mifuko, kwa vile vinavyoombwa

Hapa sina maneno mengi. Fungu la kwanza lisikae na la moyo kwenye chombo kimoja, maana la kwanza linatoka mara kwa mara na kila kutoka ni hatari kwa la pili. Nunua faili lenye mifuko ya kuonyesha, mtoto mmoja faili moja, karatasi moja mfuko mmoja. Kopi ya mashine usiibananishe na plastiki laini yenye kunata, maana wino wake hubanduka ukabaki kwenye plastiki. Tanguliza karatasi nyeupe katikati. Risiti za ile karatasi ya kung'aa ya mashine zitoe kopi siku hiyo hiyo, kwani hufifia mpaka ikabaki karatasi tupu mkononi mwako na deni kwenye daftari la mhasibu.

Usikubali kupiga lamineshi cheti halisi. Kijana wa duka la kopi atakwambia kitakaa milele, na kitakaa kweli, lakini moto ule unalaza muhuri wa kubonyezwa, karatasi haigongwi tena muhuri mpya, na kuitoa humo ni kuichana. Ofisi ikitaka kuishika karatasi yenyewe, wewe una plastiki. Piga lamineshi kopi.

Faili likae juu, karibu na mlango, mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani anaweza kulichukua gizani. Wanaokaa mabondeni Mwanakwerekwe, ambako maji ya masika huingia ndani usiku, hawana haja ya kuelezwa kwa nini.

Simu

Mume wangu anasema mjadala wote huu ni wa kizamani, piga picha kila kitu na utupe. Nusu nakubaliana naye. Simu ndiyo pekee kati ya hivi inayokwepa kwa pamoja mchwa, panya, kutu na kawa, na ndiyo pekee inayoweza kuwa nyumba mbili kwa wakati mmoja. Dada akipiga picha mchoro wa mwanawe Michenzani, bibi yake Wete anauona kabla rangi haijakauka.

Hesabu yake si mbaya. Picha moja ya karatasi ni kama MB 3. Ukipiga 200 kwa mwaka ni MB 600. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, kwa hiyo kwa karatasi peke yake ingekutosha miaka 25, ila nafasi hiyo hiyo ndiyo ya barua pepe na picha za harusi ya binamu. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa, maandishi madogo yakawa ukungu. Zitume kama dokumenti. Piga karibu na dirisha, asubuhi, bila taa ya simu, karatasi ikiwa imelazwa juu ya kitambaa cheusi. Kisha zipe majina siku hiyo hiyo, mwaka mbele: 2024, darasa la nne, insha. Picha 900 zisizo na majina ni sawa na ule mkoba wangu wa uvunguni, tofauti ni kuwa mchwa hawakusaidii kuzipunguza.

Nusu ninayokataa ni hii. Dirishani picha haipokelewi, ofisi inataka karatasi. Simu huanguka baharini kwenye boti ya Pemba, huibiwa Darajani, hufa yenyewe; zikiwa ndani ya simu tu, bila kupandishwa mtandaoni, hujahifadhi. Tuliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya kiza bila umeme, tunajua pia ilivyo kutegemea kitu kinachotaka chaji. Na daftari la insha la mwanangu, ile karatasi iliyobonyea kwa nguvu alizotumia kuandika neno "mrefu", kwenye kioo cha simu halibonyei.

Picha za vyeti usizitie kwenye kundi la familia lenye watu themanini. Hapo pana wengine huwajui ni nani aliyewaleta.

Ningekuwa wewe

Ghorofani: makontena, na faili mlangoni. Usinunue sanduku la bati, litakuchosha ngazi.

Nyumba ya chini yenye historia ya mchwa: bati nje, kontena ndani, matofali chini. Hata ukiambiwa nyumba imepigwa dawa.

Nyumba inayovuja au iliyo bondeni: kontena, na liwekwe juu ya kabati, si juu ya dari. Michoro ipige picha yote kabla ya Machi.

Nyumba ya mzee mwenye kasha na subira: mpelekee fungu la moyo lote, ukijua kwamba hutalirudisha kirahisi. Mimi nimempelekea mama daftari la "baba yangu ni mrefu", na sasa linasomwa kwa kila mgeni.

Na kama fedha ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua faili. Mengine yasubiri Disemba ndani ya mto wa zamani uliotolewa pamba, ukitundikwa msumarini chumbani. Si utani, hewa inapita, mchwa hafiki, na mimi ndivyo nilivyofanya miezi sita.

Visivyolala bapa

Manila za miradi ya skuli haziingii popote. Fundi bomba atakukatia kipande cha bomba la plastiki pana, mita moja, na vifuniko viwili vya kuziba. Zikunje kwa kuzungusha, picha nje, rangi isipasuke. Sare ya kwanza ifuliwe bila kutiwa wanga, maana wanga ndio unaowaita wale wadudu wa fedha, iende kwenye ndoo ya rangi pamoja na taji la mahafali ya maandalizi.

Kazi za ukili ndizo ngumu kuliko zote. Wa pili wangu alisuka kikawa kidogo, cha kufunikia kikombe, na masika moja tu kawa likapiga kawa. Nilikipiga brashi kavu ya meno, nikakianika kivulini penye upepo siku tatu. Doa halikutoka lote. Ndani ya chombo hakirudi tena, kinakaa ukutani kwenye hewa, na kila wiki mbili nakikung'uta.

Gari la makopo lenye magurudumu ya ndara la mkubwa nalo liko msumarini, jikoni. Watoto wa jirani wakija linashuka, jioni linarudi likiwa na gurudumu moja pungufu, na yeye mwenye miaka kumi na sita anachukua kisu na ndara kuukuu anakata jingine.